Baruti Iliyopepetwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutoa katika ardhi moja akatupokea katika nyingine, na akatulisha katika zote mbili bila ya sisi kustahili. Nnamshukuru kwa haya macho aliyonibakishia ya kuandikia, na kwa mkono ambao asubuhi hautetemeki sana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na ahli zake na sahaba zake, na kila anayefuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Katika sebule ya mwanangu, huku Khuwair ya Kusini, imetundikwa bunduki moja ya zamani. Wajukuu hupigia picha mbele yake siku za Idi, wamevaa kanzu mpya na majambia ya kukodi. Anayeitazama kwa mbali huiona nzima. Anayeikaribia huona kuwa chuma chake cha nyuma, pale pa kutilia risasi, kimefunguka na kujikunja nje, na kipande chake kimoja hakipo.

Mjukuu wangu wa kike aliniuliza majuzi, "Babu, hii ilipigwa vitani?"

Nikamwambia haijaona vita hata siku moja, na kwamba mara ya mwisho ilipopigwa, aliyeishika alikuwa ni mtende. Akacheka, akadhani nnamtania. Basi nimeona niiandike habari yake kabla sijaondoka, maana walioiona wamebaki wachache, na mama yangu, ambaye kwa ajili yake tulinyamaza, ameshatangulia mbele ya haki.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, sisi wanne: baba, mama, mdogo wangu wa kike na mimi. Tulikuja kama walivyokuja wengi mwaka ule, na mizigo ya kubeba mkononi. Baba alizaliwa Unguja. Babu yangu ndiye aliyetoka Bawshar, kijiji cha karibu na Maskati, akiwa kijana. Baba alikuwa mtu wa karafuu. Akiishika moja kiganjani, akaivunja karibu na sikio, anakwambia imekauka au bado. Silaha hakuwa ameijua maishani mwake isipokuwa lile jambia la babu, na hilo alilivaa siku ya harusi yake tu. Mimi nilikuwa nimesoma chuoni, kisha kwa masheikh, na Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni. Jamaa wa Bawshar waliponisikia naomba maji walisema nnahutubu.

Tulipanga vyumba viwili Matrah, juu ya ghala la mfanyabiashara wa tende. Kula tulipata, alhamdulillahi. Kilichotukosesha usingizi kilikuwa kitu kingine. Wakati ule, mtu aliyekuja kutoka Sawahil, pwani yetu ya Afrika, hakuhesabiwa mwenyeji mpaka apatikane mtu wa kabila lake asimame mbele ya liwali na aseme, "Hawa ni wangu." Bila ya neno hilo tulikuwa wageni, na mgeni angeweza kuambiwa wakati wowote afunge mizigo. Nasi hatukuwa na pengine pa kufungia mizigo kwenda. Huko tulikotoka mlango ulikwisha kufungwa nyuma yetu.

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kulisema neno hilo kwa ajili yetu. Alikuwa binamu wa baba, mkubwa wa ukoo kule Bawshar. Mimi nikimwita Ami. Alitupokea vizuri, akatuchinjia mbuzi, akatupa tende za kurudi nazo. Lakini kila baba alipolitaja suala la liwali, alisema, "Subira." Tukasubiri. Idi zikaja zikapita.

Siku moja, katika sabla yake, pale ukumbini anapopokea wageni, baba aliuliza waziwazi. Ami akakiweka chini kikombe cha kahawa.

"Ndugu yangu, mie nnakuamini. Lakini nikisema wewe ni wetu, liwali atauliza watu. Na watu wataulizana: nani aliyemwona? Lini alisimama nasi?"

"Nisimame wapi?" baba akauliza.

"Kwenye safu. Idi kubwa, baada ya sala, wanaume wa ukoo wanapanga safu karibu na falaji, pale mferejini yapitapo maji ya mashamba, kila mtu na bunduki yake, tunapiga lile jiwe jeupe kilimani. Anayesimama pale, hakuna atakayeuliza yeye ni wa nani."

"Niazime moja."

"Isiwe ya kuazima. Watu hapa wanazijua bunduki za wenzao kama wanavyowajua punda wao."

Mtoto mkubwa wa Ami alikuwepo, kijana mpana wa mabega, mtu wa mzaha asiyeweza kuacha ukimya upite. Akasema, "Baba mdogo atatupa konzi ya karafuu. Jiwe halitaanguka, lakini litanukia."

Sabla nzima ikacheka. Baba naye akatabasamu. "Siku jino litakapokuuma, mwanangu, utaijua karafuu ni nini."

Tukarudi na baba mpaka kwenye mlango wa mji. Pale akasema, "Tutanunua bunduki."

Mama alipoambiwa alikaa kitako juu ya mkeka. "Bunduki! Wewe ukisikia mlango umepigwa na upepo unashtuka."

"Ndiyo maana nnataka niishike mie. Anayeishika hashtuki."

"Nani kakwambia?"

Baba akachukua kofia yake, tukashuka ngazi mimi naye kwenda sokoni.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kibulushi aliyekaa katika uchochoro wa soko la Matrah, katikati ya madele mabovu ya kahawa na pasi za makaa. Alizitoa bunduki mbili zilizovikwa magunia. Zote zilikuwa za aina moja, ile ambayo wenyeji wakiita samaa: ndefu, nzito, na chini yake ina mkono wa chuma. Ukiushusha mkono ule, nyuma panafunguka, unatia risasi moja. Ukiupandisha, panajifunga, tayari. Kila ukipiga unaushusha tena, na ganda tupu linaruka nje.

"Hii," alisema mzee, "ilizaliwa kiwandani kwa Waingereza." Kisha akaipapasa ya pili. "Na hii imefuliwa kwa mkono, milimani, kwa Wapathani. Wameitia na taji la mfalme, isione haya mbele ya wenziwe."

Baba akaziangalia zote mbili. Ile ya kwanza hatukuiweza, na sote watatu tulilijua hilo kabla hajauliza.

"Hii ya kuiga itapiga?"

"Itapiga. Lakini sikiliza, sheikh." Mzee akamshika baba mkono. "Chuma chake laini. Ilishe baruti nyeusi ya punje, kwa kipimo hiki nnachokupa, itaishi kuliko wewe. Usiilishe baruti ya vumbi."

"Si baruti ileile, imesagika tu?"

"Punje zinawaka kwa zamu, zinaisukuma risasi. Vumbi linawaka lote kwa mpigo mmoja, na hii haitastahamili. Itapasukia nyuma, kwenye shavu lako, au la aliye karibu yako."

Baba alisikia, nami nilisikia. Tukanunua baruti ya punje, tukaitazama kiganjani, punje zake kama mbegu za ufuta uliochomwa. Tukaona tumeshajikinga. Nani angefikiri kuwa vumbi litatoka nyumbani kwetu?

Risasi mpya za bunduki zile zilikuwa adimu, kwa hivyo watu walikusanya maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, wakayajaza upya wenyewe. Mzee alitupa maganda, fataki ndogo za kutia kwenye kitako cha ganda, na kalibu ya kusubia. Madini ya risasi tuliyapata Qantab. Tulikwenda kwa mashua, kwa kuwa barabara ya huko haikuwepo, tukaomba kwa wavuvi vile vizito vya nyavu zilizochakaa. Wakatupa, wakatuuliza tunataka kuvua nini. Baba akawaambia, "Watu."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Basi vyumba vyetu viwili vikageuka karakana. Mama aliacha kufukiza udi siku zile, maana baba alimkataza makaa ya moto ndani, na ikawa Ijumaa zinapita nyumba haina harufu ya Ijumaa. Jambo hilo lilimuuma zaidi kuliko bunduki yenyewe. Tuliyayeyusha madini uani, tukayamimina kwenye kalibu. Kila risasi ilipopoa tukaivika karatasi iliyopakwa samli, ili ipite vizuri kwenye mtutu. Baba hakuruhusu karatasi yoyote itumike mpaka niisome pande zote mbili, nihakikishe haina jina la Mungu wala la Mtume. Gazeti moja tuliliacha zima, kwa kuwa mwenye duka aliyetangaza humo aliitwa kwa jina lenye sifa ya Mola. Tukatumia karatasi za kufungia sukari.

Baruti ilikuwa imeingia unyevu wa Matrah, hewa ile ya bahari inayolowesha hata chumvi ndani ya kopo. Baba akafanya alilolijua. Alitandaza mkeka juu ya dari, kivulini, mbali na jiko, akaianika baruti juu yake kama anavyoanika karafuu, akaisambaza kwa kiganja kilichonyooka. Ilikuwa Ijumaa. Tukaenda msikitini.

Tuliporudi tukaikuta imeshaanuliwa. Imo katika makopo mawili ya maziwa ya unga, kubwa na dogo, na mkeka umekunjwa. Baba akamshukuru mama. Jioni ile, tukiwa bado na mwanga, tukajaza maganda: fataki, kipimo cha baruti, kipande cha sufi na nta, kisha risasi, na kusukuma kwa kijiti. Kwa kila moja baba alisema bismillahi. Alianza na kopo kubwa. Lilipokwisha akamalizia na dogo. Kisha akazipanga zote kwenye mkanda, akazipanga tena kwa urefu ili zipendeze, na mwisho wake hapakuwa na mtu wa kujua ipi imetoka wapi.

Tulikwenda Bawshar siku moja kabla ya Idi, kwa lori la mizigo, baba, mdogo wangu na mimi. Mama alibaki kwa sababu jirani yetu alikuwa karibu kujifungua. Alimfuata baba mpaka chini ya ngazi, akamsomea, akampulizia kifuani.

Asubuhi ya Idi tulisali uwanjani, mchangani. Tukapeana mikono. Kisha wanaume wakachukua bunduki zao, wakaenda upande wa falaji, wakajipanga. Ami alisimama mwanzo wa safu na bakora yake, bunduki ya nyumba yake akiwa amemwachia mwanawe. Baba aliwekwa karibu na mwisho, na ubavuni kwake, kushoto, akawekwa yule mtoto wa Ami wa mabega mapana. Nyumba moja, bunduki moja. Mimi sikuwa na nafasi katika safu. Nilitumwa kwa wanawake nikalete dele la kahawa.

Mlangoni nilimsikia mdogo wangu akiwachekesha wanawake kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. Aliponiona akageukia Kiswahili. "Kaka, nnawahadithia mama alivyoipepeta ile baruti."

"Alivyofanyaje?"

"Kaipepeta! Ile Ijumaa mlipokwenda kusali. Kachukua ungo, kaipepeta kama mchele. Kasema, baba yenu miaka yote hajapata kupeleka gunia lenye vumbi sokoni, leo atakwenda mbele ya jamaa zake na uchafu huu?"

"Na vumbi akalimwaga?"

"Mama amwage kitu? Kalitia kwenye kopo dogo. Kasema huenda baba akalitaka kwa kuwashia."

Bunduki ya kwanza ikalia kwenye safu.

Sikumbuki dele nililiweka wapi. Nnakumbuka nikikimbia pembeni mwa falaji, kanzu nimeishika juu, na milio ikifuatana mmoja baada ya mmoja, ikija upande wa baba. Kila mtu alipiga kwa zamu yake, na zamu ilirudi mpaka kila mmoja akamaliza risasi zake. Nikiwa bado mbali niliusikia mlio mzito wa samaa, na moshi mweupe ukapanda pale alipokuwa baba. Moshi ukaondoka, nikamwona amesimama, mzima, ameushusha mkono wa chuma na anatia risasi ya pili. Watu walikuwa wanampongeza. Risasi yake ilikuwa imechimba vumbi chini kidogo ya jiwe.

Nikafika nyuma yake. Nilisema kwa Kiswahili, taratibu, ili wasielewe.

"Baba, usipige."

"Ondoka. Wanatutazama."

"Kopo dogo lilikuwa vumbi. Mama aliipepeta baruti."

Hakugeuka. "Nani kasema?"

"Mwanao. Kamwona kwa macho yake."

"Ya kwanza imelia vizuri."

"Hiyo ilikuwa ya kopo kubwa. Hiyo iliyomo sasa unajua ni ya lipi?"

Zamu ilikuwa inakuja, watu wanne, watu watatu. Kijana wa Ami aliinama kututazama, shavu lake sawasawa na chuma cha nyuma cha bunduki ya baba. "Baba mdogo, mnasoma khitima? Jiwe litakufa kwa kungoja."

Baba akamtazama usoni. Akaitazama bunduki. Nilijua anachokipima, kwa kuwa nami nilikuwa nakipima: subira yetu yote ilikuwa imesimama juu ya dakika ile. Akipiga na ikalia salama, Ami atakwenda kwa liwali. Asipopiga, atakuwa yule mtu wa Sawahil aliyekuja mpaka kwenye safu akarudi nyuma, na mama kule Matrah ataendelea kulala juu ya mizigo iliyofungwa.

Zamu ikamfikia. Baba akaushusha mkono wa chuma, risasi ikamtokea kiganjani. Akailaza bunduki chini, mtutu ukielekea kilimani, akanyanyua mkono wake wa kulia.

"Jamaa zangu," alisema kwa Kiarabu, "baruti yangu imeharibika. Nikipiga huenda nikamuumiza huyu mwanangu aliye ubavuni kwangu. Sipigi."

Kisha mtu mmoja mwisho wa safu akasema, "Kishindo cha kwanza kimemtosha!"

Mwengine akaongeza, "Mrudisheni kwenye karafuu zake!"

Wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wanakingoja. Baba alisimama vilevile. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Ami akaja kutoka mwanzo wa safu, pole pole, kwa bakora yake. "Imeharibika vipi? Ya kwanza nimeisikia. Nzuri."

"Imechanganyika na vumbi."

"Nani aliyeichanganya?"

"Imechanganyika nyumbani kwangu, na mwenye nyumba ni mie."

Ami akaiegemea bakora yake. "Ndugu yangu, neno kama hili likisemwa kwenye safu, lazima lionekane. Kama ni kweli tutaliona. Kama ni woga, nao tutauona." Akageuka. "Leteni kamba."

Kule kwao, bunduki isiyoaminika hufungwa juu ya mtende ulioanguka, ikavutwa kwa kamba kutoka nyuma ya ukuta. Wakaifunga samaa yetu kwa makuti yaliyosokotwa, kitako kimeegemea mtende mwengine uliosimama, kamba imepitishwa kwenye kifyatulio. Kijana wa Ami akapewa mkanda wa baba na kazi ya kutia risasi. Watu wote wakaenda nyuma ya ukuta wa falaji.

Mimi nimesoma dua nyingi, lakini pale sikujua niombe nini. Nikiomba ipasuke, nnaomba mali ya baba yangu iharibike, mali aliyoipata kwa kujinyima. Na isipopasuka, baba yangu ni mwoga na mwongo mbele ya ukoo wake, na sisi si watu wa popote. Nikasema tu, "Ya Rabbi, Wewe unayajua yaliyomo ndani ya shaba ile." Sikuongeza.

Kamba ikavutwa. Bunduki ikalia kama kawaida, na moshi ukapanda. Watu wakachekeana.

Kijana akaruka ukuta, akashusha mkono wa chuma, akatia nyengine, akarudi. Ikalia tena vizuri. "Hata mtende hauogopi, baba mdogo!"

Ya tatu ikalia. Sasa hata wazee walikuwa wanacheka, na mmoja alikuwa anamwigiza baba alivyonyanyua mkono. Baba alikuwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, anaitazama bunduki tu.

Kijana akatia ya nne. Lakini hakurudi. Alianza kuifungua kamba. "Nipeni niipige kwa mkono, tumalize, nyama zinatungoja!"

Sikuwahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku ile, wala baada yake. Aliuruka ukuta na umri wake wote, akamshika kijana kifundo cha mkono.

"Hii huishiki."

"Niache, baba mdogo. Mzaha umekwisha."

"Nipige mie usoni mbele ya watu hawa, sitakudai. Lakini hii huishiki."

Kijana akamtazama baba yake. Ami akamwashiria kwa bakora, arudi. Akaikaza kamba upya, akarudi amekasirika, baba nyuma yake. Kijana akaikamata kamba mwenyewe, akaivuta kwa hasira.

Sauti iliyotoka haikufanana na zile za kabla. Ilikuwa kavu na fupi. Makuti yalikatika, bunduki ikaruka ikaanguka mchangani, na moshi ulitokea pande zote mbili, mbele na nyuma. Hakuna aliyecheka. Harufu ya baruti ilikuja mpaka nyuma ya ukuta, na mahali fulani bustanini punda akawa analia.

Ami alikwenda wa kwanza. Tukamfuata. Kipande cha chuma kilikuwa kimejikita ndani ya ule mtende uliosimama, upande wa kushoto, kwa kimo cha uso wa mtu mrefu. Ami alikichokoa kwa ncha ya jambia lake, kikamwangukia kiganjani, bado kina moto. Akakihamisha mkono kwa mkono mpaka kikapoa, kisha akampa mwanawe.

"Shika. Hiki kilikuwa chako."

Kijana alikipokea. Mkono wake wa pili ulipanda wenyewe ukaligusa shavu.

Ami akamgeukia baba. "Rudi kwenye safu."

"Sina bunduki."

"Nimekwambia urudi kwenye safu. Sikukwambia upige."

Basi wakajipanga upya. Baba akasimama mahali pake na bakora aliyopewa na Ami. Milio ikaanza tena mwanzo wa safu, ikaja mtu kwa mtu. Ilipofika zamu ya baba, nilidhani watamruka. Hawakumruka. Walinyamaza wote, bunduki chini, kadiri ya mtu kulenga na kuvuta pumzi. Kisha kijana wa Ami akanyanyua yake akapiga. Na kila zamu iliporudi walifanya hivyohivyo, mpaka risasi zao zikaisha.

Baada ya Idi Ami aliteremka Matrah juu ya punda wake mweupe, akamchukua baba, wakaenda kwa liwali. Neno lile likasemwa. Sikuwepo, lakini nilimwona baba aliporudi: alipanda ngazi, akasujudu mlangoni kabla hajavua viatu.

Mama aliiona bunduki iliyopasuka, akapiga mikono. "Nilikwambia! Kitu cha kuiga hicho!"

"Cha kuiga," baba alisema. "Umri wake ulikuwa umefika."

"Na bahati yako mie niliisafisha ile baruti. Ungeitia na uchafu wake ungekufa."

Mdogo wangu na mimi tukatazama chini. Baba akamwambia, kwa sauti ya ukweli kabisa, "Mungu akulipe, mke wangu." Akamruhusu afukize udi. Akafukiza vyumba vyote viwili, na ngazi, na bunduki.

Hakuambiwa mpaka anakufa. Nilipata kumuuliza baba kwa nini, akanijibu, "Alitaka nisiaibike mbele ya jamaa zangu. Nimwambie nini juu ya hilo?"

Yule kijana wa Ami aliacha mzaha kwa muda, kisha ukamrudia, kama inavyopasa. Kipande kile alikiweka nyumbani kwake mpaka alipofariki; watoto wake wanacho. Na siku moja alikuja Matrah amefunga kitambaa usoni, jino limevimba. Baba akaingia ndani, akatoka na karafuu kiganjani, akampa. Hakumkumbusha kitu. Yeye ndiye aliyekumbuka, akacheka na jino lake linamuuma.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akukinge na shari usiyoijua iliyomo ndani ya kitu ulichokishika kwa mapenzi. Akupe mtu wa kukimbia kukuonya kwa wakati, na akupe moyo wa kumsikiliza mbele za watu. Na akukusanye na uwapendao katika safu ambayo hakuna atakayeulizwa yeye ni wa nani. Amin.